Jicho la Mbali na Adabu ya Hodi

Kila chombo alichokiunda binadamu ni kiungo alichojiongezea mwilini. Nyundo ni ngumi isiyoumia. Baiskeli ni miguu isiyochoka upesi. Simu ni sikio lisikialo ng'ambo ya bahari. Lakini kiungo kipya huja bila adabu yake. Mkono tuliozaliwa nao ulifundishwa tangu utotoni usitwae kisicho chake, na ulimi ulifundishwa usitukane. Bali chombo kipya hutoka dukani kikiwa na nguvu zote na bila malezi yoyote. Anayekinunua ndiye apaswaye kukilea. Katika kurasa hizi nakualika, msomaji, tukitazame chombo kimoja kidogo, yaani kamera ya kidijitali ya mfukoni yenye uwezo wa kuvuta mbali, kisha tuulize swali moja: je, jicho likiweza kufika mahali, lina haki ya kufika huko?

Kwanza na tukijue chombo chenyewe. Louis Daguerre alipotangaza nchini Ufaransa mwaka 1839 njia yake ya kunasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, kamera ilikuwa sanduku zito, na aliyepigwa picha alijua vema kuwa anapigwa, kwani alitakiwa atulie tuli mpaka kazi iishe. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak iliyoshikwa mkononi, na upigaji wa picha ukashuka kutoka kwa mafundi ukawafikia watu wa kawaida. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa kampuni ile ile ya Kodak, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja juu ya kanda. Kufikia mwaka 2018 zilikuwa zikiuzwa kamera ziingiazo mfukoni mwa koti, nazo huvuta kitu cha mbali mara 30, na nyingine mara 40. Maana ya hesabu hiyo ni hii: ukisimama kwenye lango moja la kiwanja cha mpira na kamera ya mara 40, waweza kuijaza picha yako kwa mlinda lango wa upande wa pili, naye asijue kabisa kuwa umemtazama.

Kuvuta huku kuna namna mbili, na mwenye kamera hana budi kuzipambanua. Namna ya kwanza ni ya kweli: vioo vilivyo ndani ya lenzi husogea, na sura ya kitu cha mbali huingia kamerani ikiwa kubwa. Namna ya pili ni ya kujidai: kamera hukata kipande cha katikati cha picha na kukitanua, mfano wa mtu avutaye kitambaa kidogo ili kifunike meza kubwa. Kitambaa hakiongezeki uzi hata mmoja, hulegea tu. Hata kuvuta kwa kweli kuna gharama. Katika kamera hizi ndogo, lenzi iliyonyooshwa hadi mwisho wake hupitisha nuru haba, na kipande kinachopokea nuru hiyo katika nyingi kati yake kina upana wa milimita 6 hivi, yaani hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Tena mtetemo mdogo wa mkono huwa tetemeko pichani. Ndiyo sababu mwenye kamera hii hujifunza kuegemea ukuta, kubana viwiko mbavuni, na kuzuia pumzi kabla ya kubonyeza. Angalia, msomaji, mafunzo haya yanafanana na ya nani. Yanafanana na mafunzo ya mwindaji.

Hata hivyo, haki inatutaka tutaje wema wa chombo kabla ya kukishitaki. Kwa kamera hii mwanafunzi wa shule ya kijijini aweza kuona makovu ya uso wa mwezi pasipo kuwa na darubini. Aweza kumsoma ndege juu ya mti pasipo kumfukuza. Mzee asiyeweza tena kupanda mlima aweza kukaa chini ya mlima na kuuvuta karibu. Na wanyama wetu wa porini wana sababu kubwa ya kuushukuru umbali. Duma huwinda mchana, na hutegemea kunyatia; magari ya watalii yakimzunguka, mawindo hushituka, naye hulala na njaa pamoja na watoto wake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara ulionyesha kuwa duma jike walioishi mahali penye watalii wengi walifaulu kulea watoto wachache sana kuliko wale walioishi mahali penye watalii haba. Mtu aliyeridhika kusimama mbali na kuiachia lenzi kazi ya kusogea amemwachia duma chakula chake na uhai wa watoto wake. Hapa umbali ni heshima, na kamera ni mtumishi wa heshima hiyo.

Lakini kitu kimoja huwa dawa kwa mmoja na sumu kwa mwingine. Umbali unaomlinda duma waweza kumvua binadamu sitara yake. Mnyama haoni haya kwa picha yake, mtu huona. Basi na tutoke porini twende penye watu, ambako swali letu ni zito zaidi.

Wazee wetu wa pwani, na wa bara vile vile, hawakumruhusu mtu kuingia nyumba ya mwenziwe kwa sababu tu mlango u wazi. Mgeni husimama nje akapiga hodi. Asipojibiwa hurudia, na akifika mara ya tatu pasipo jibu hugeuka akaenda zake, wala hachungulii dirishani. Hodi ni neno dogo, lakini lina falsafa kubwa ndani yake. Linasema kuwa mbele ya kila mtu pana kizingiti, na kwamba mwenye kizingiti ndiye mwenye kusema karibu. Mwenye kutumia lenzi ndefu aweza kuvuka kizingiti hicho pasipo kuinua mguu. Hasukumi mlango, haruki ua, hata mbwa hambwekei, lakini ameingia. Ameona machozi, jasho, kiraka cha nguo, au kicheko ambacho hakikuwa chake.

Mtu mwepesi wa kujitetea atajibu: "Macho hayana pazia." Methali hii ni ya kweli, nami siipingi. Lakini ilisemwa juu ya macho, haikusemwa juu ya kamera, na kati ya hayo mawili pana tofauti tatu. Kwanza, jicho nalo huonekana. Ukinikazia macho njiani nami naweza kukuona, nikatengeneza nguo yangu, au nikageuza uso, au nikakuuliza unataka nini. Jicho la lenzi ndefu huona bila kuonekana, na mtazamwa hana nafasi ya kujitetea. Pili, jicho husahau. Liliyaona mengi jana, na leo yamefifia. Picha haisahau, aibu ya dakika moja huwekwa ikadumu miaka. Tatu, jicho haliwezi kumgawia mtu mwingine lilichokiona. Laweza kusimulia tu, na simulizi huaminiwa nusu na kukataliwa nusu. Picha huenda yenyewe, kutoka simu hadi simu, hadi kwa watu elfu ambao aliyepigwa hatawajua kamwe, nao huamini kuwa wamemjua yeye.

Mwingine atasema: "Alikuwa nje, mahali pa watu wote; aliyetoka nje amekubali kuonwa." Jibu hili lina nguvu zaidi, na tusilipuuze. Ni kweli kuwa atembeaye sokoni amekubali kuonwa na watu wa soko. Lakini amekubali kuonwa na wale walio pale, ambao naye anawaona. Mtu aliyekwenda kulia peke yake penye kaburi la mamaye, mbali na waombolezaji wengine, hakukubali kuonwa na yeyote. Msichana afuaye nguo zake nyuma ya bweni, akiwa amejifunga kanga moja, hakuwakubali walio ng'ambo ya kiwanja. Kijana aliyejitenga chini ya mti kusoma barua yenye habari mbaya hakumkubali mtu. Watu hawa walikuwa nje, lakini walijenga mlango, na mlango wao ulikuwa umbali.

Nakuomba, msomaji, usimame kidogo juu ya jambo hili, kwani ndipo penye kiini cha haki. Tajiri ana ukuta. Ana lango, mapazia, na mlinzi. Akitaka kulia, ana chumba cha kulilia; akitaka kuoga, ana mahali pa kuogea; mgonjwa wake hulala nyuma ya mlango uliofungwa. Maskini aghalabu hana hayo. Huoga mtoni, hupika uani, humlaza mgonjwa wake kivulini nje ya nyumba. Ukuta wake ni umbali, na pazia lake ni hisani ya wapitao, ambao hugeuza macho kando kwa adabu. Lenzi ndefu hauangushi ukuta wa tajiri, kwani vioo havipenyi mawe. Huuangusha ukuta wa maskini tu. Basi kamera itumiwayo bila adabu haiwaonei watu wote sawasawa. Humnyang'anya aliye na kidogo ule usiri mdogo alio nao. Mtu akikuambia kuwa picha kama hizo ni mchezo tu, muulize mbona mchezo huo huchezewa daima katika ua wa mnyonge.

Wa tatu atasema: "Asiyejua hadhuriki. Nimempiga picha, hajui, nami sikumwonyesha mtu. Dhara i wapi?" Nauliza nami: mtu akiifungua barua yako, akaisoma, akaibandika tena vizuri usijue, je, hakukukosea? Kosa halingoji kugunduliwa ili liwe kosa. Tena liko dhara jingine, nalo humwangukia mpiga picha mwenyewe. Azoeaye kuwatazama watu pasipo wao kumtazama huanza kuwaona kama vitu. Huwavizia, huwalenga, huwanasa. Hata maneno yake huwa maneno ya uwindaji. Polepole husahau namna ya kumkaribia mtu, kumwamkia, na kumwuliza jina. Amepata picha elfu za binadamu, naye amepoteza utu.

Je, basi, tuseme kuwa hakuna picha iliyo halali ila iliyoombwa? La, hukumu hiyo ingekuwa nyepesi mno. Mwezi wa Oktoba mwaka 1984 mpiga picha wa Kenya, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alifika Korem nchini Ethiopia pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Huko maelfu ya watu walikuwa wakifa kwa njaa. Picha alizozichukua zilionyeshwa katika nchi nyingi, na dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Fedha na chakula vikachangwa, na mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, likafanywa tamasha kubwa la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia. Wale wenye njaa hawakuweza kuulizwa mmoja mmoja. Je, alivunja hodi? Nasema hakuvunja, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyumba iwakayo moto haipigiwi hodi; jirani huvunja mlango ili aokoe, si ili achungulie. Ya pili, hakuitazama dhiki ile kutoka mahali pa salama kwa ajili ya kuburudika; alikwenda mwenyewe, akasimama miongoni mwao. Ukaribu wa namna hiyo ulimgharimu. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono, naye akarudi kazini akiwa na mkono wa bandia, hata alipokufa katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro mwaka 1996.

Pana na mfano mwingine ulio karibu nasi. Raia amesimama dirishani, mbali na barabara, naye anamwona askari akipokea rushwa kwa dereva, au mtu akikata miti katika msitu uliokatazwa. Akienda karibu ataumizwa. Lenzi ndefu yaweza kumpa ushahidi na kumwachia uhai. Hapa pia nasema ni halali, maana hodi hupigwa mlangoni kwa mwenye nyumba. Aliyetoka kwenda kuiba mali ya watu wote ameacha kizingiti chake nyuma. Lakini hata hapa pana sharti. Picha ya kosa iende kwa mwenye kuhukumu, isiende sokoni kwa wenye kucheka. Ushahidi ukigeuzwa mchezo hupoteza haki yake, na aliyeuleta huwa mchonganishi.

Tena mwenye kushuhudia kwa lenzi ndefu na ajihadhari, kwani lenzi hiyo yaweza kusema uwongo hali kila kilichomo pichani ni kweli. Vitu vilivyotazamwa kutoka mbali sana huonekana vimebanana. Watu waliotengana kwa hatua nyingi barabarani, wakipigwa picha kwa kuvuta kutoka mwisho wa barabara ile, huonekana bega kwa bega. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, wapiga picha wa Denmark walilionyesha jambo hili wazi: waliwapiga watu wale wale mahali pale pale kwa lenzi ndefu na kwa lenzi fupi, na picha ya kwanza ilionyesha msongamano, ya pili ilionyesha watu waliotengana vema. Lenzi ndefu hukata pia yaliyo kando. Huonyesha mkono ulioinuliwa, isionyeshe nyoka aliyekuwa akipigwa. Basi aliye mbali, hata akiona sana, huelewa kidogo. Na asiyeelewa hapaswi kuwa mwepesi wa kushitaki.

Sheria nayo imesema neno lake. Mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya kamera ya Kodak kutoka, mawakili wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala mashuhuri wakidai kuwa kila mtu ana haki ya kuachwa na faragha yake. Miongoni mwa mambo yaliyowasumbua ni picha za kunaswa ghafula. Katika Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imefuata njia hiyo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto pasipo idhini ya wazazi. Hayo ni mema. Lakini sheria huja nyuma ya kosa, kama mtu ajaye na maji baada ya paa kuanguka. Adabu hutangulia. Hakimu hawezi kukaa nyuma ya kila kamera, dhamiri yaweza.

Kama umejaliwa kuwa na kamera ya namna hii, au simu yenye nguvu kama hizo, nakupa ushauri wa maneno machache. Usihuzunike kuwa ya jirani yako yavuta mbali zaidi. Kamera haimpi mtu akili ya kuona, kama kalamu ndefu isivyompa mtu fikira. Miguu yako ndiyo lenzi ya kwanza: ukiweza kumkaribia mtu, mkaribie, mwamkie, mwombe, na akikataa mshukuru uende zako. Akikubali, mwonyeshe picha yake kwenye kioo, nawe utaona uso ukikunjuka kwa furaha ambayo hakuna lenzi iwezayo kuinunua. Na panapokuwa na shaka, jiulize swali hili kabla ya kubonyeza: je, ningeweza kumpelekea mtu huyu picha hii kwa mkono wangu, na kumtazama usoni anapoiona? Jibu likiwa ndiyo, bonyeza. Likiwa la, basi chunguza moyo wako: ni yeye anayeficha uovu uwadhuruo wengine, au ni mimi ninayejificha nimdhuru yeye?

Kutazama ni neema, na kutazama mbali ni neema iliyozidi. Lakini kila neema ina deni lake. Deni la jicho ni haya; na kadiri jicho lifikavyo mbali, ndivyo haya nayo itakiwavyo kufika mbali. Mtu mwenye macho mafupi na haya nyingi hawezi kuwaumiza watu kwa macho yake. Mtu mwenye macho marefu na haya fupi ni msiba wa mtaa mzima. Wewe kijana umezaliwa katika zama ambazo macho yote yamerefushwa. Hukuuchagua urefu huo, wala huwezi kuupunguza. Lililo katika uwezo wako ni kulifundisha jicho hilo jipya neno ambalo wazee waliufundisha mguu: likifika mlangoni pa mtu, na lisimame nje kwanza, lipige hodi.